Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Usikatishe dozi



Sisi wa Nainokanoka bahari iko mbali, lakini leo twende huko kidogo. Kule Jambiani, Unguja, kina mama wanalima sponji baharini, zile za kuogea. Sponji ni mnyama. Hana miguu ya kukimbia wala meno ya kung'ata, yupo palepale anachuja maji. Sasa anajilindaje? Mwaka 2014 watafiti walionyesha kuwa kwa sponji mmoja, Theonella swinhoei, karibu kemikali zake kali zote hutengenezwa na bakteria wanaoishi mwilini mwake. Kemikali za namna hiyo zinachunguzwa ili zije kuwa dawa.

Usione ni mambo ya mbali. Rifampisini, dawa anayomeza mgonjwa wa TB hapa kwetu, asili yake ni bakteria wa udongoni. Subhanallah! Mtume (s.a.w.) alituhimiza tujitibu, maana kila maradhi yana dawa yake.

Basi yupo ndugu anayeacha dawa za TB kwa ajili ya funga. Usifanye hivyo. Ukikatisha dozi, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, ukawaambukiza na watoto nyumbani. Muulize daktari kama unaweza kufunga, na umeze saa ngapi. Akikukataza, kula. Ruhusa hiyo ni ya Allah, utalipa ukipona.

Jirani yako yuko kwenye dozi? Mkumbushe leo.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.