Udhu hauondoi haja ya sabuni

Ndugu Waislamu, tangu uviko ulipoingia nchini Machi 2020, kitakasa mikono kilienea maofisini, sokoni na hata milangoni mwa misikiti. Darasani nimekuwa nikiulizwa maswali mawili. Je, si haramu, maana kina alkoholi? Na mwenye udhu mara tano kwa siku ana haja gani ya sabuni?

La kwanza lina jibu. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 16 mjini Makka, Januari 2002, liliruhusu alkoholi kutumika nje ya mwili kwa ajili ya kuua vijidudu. Basi anayejipaka kwa kujikinga na maradhi hana lawama.

La pili linahitaji mazingatio. Udhu ni ibada, na maji matupu yanatosha kuusihisha. Lakini mafuta na vijidudu vya chooni vinang'ang'ania ngozi, na sabuni ndiyo inayovibandua. Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimkataza aamkaye usingizini kutumbukiza mkono chomboni kabla ya kuuosha, kwani hajui ulilala wapi. Riwaya ya Muslim imetaja mara tatu. Hapo uchafu usioonekana umezingatiwa, na maji yamelindwa.

Sasa tutazame walima zetu. Beseni moja linazungushwa, watu kumi wananawa humo humo, kisha wanakaa sinia moja. Yule wa kumi ananawa uchafu wa wenzake tisa! Kipindupindu na kuhara hupata njia hapo. Dawa yake si ghali: birika, sabuni, na kijana wa kumimina maji.

Kitakasa nacho kina mipaka. Kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60, kipakwe viganjani, migongoni mwa mikono na kati ya vidole mpaka kikauke. Mikono yenye tope au mafuta hakiisaidii sana, na vipo vijidudu vya kuhara kisivyovimudu vizuri. Kwa hiyo, utokapo chooni na kabla ya kula, sabuni na maji kwa sekunde 20 ndiyo asili. Kitakasa ni cha pale maji yanapokosekana.

Kamati za misikiti zinazochangisha mazulia zikumbuke pia sabuni ya chooni. Twahara huanzia huko.

Wabillahi tawfiq.