SOMO LA KATIBA: KURA YA MAONI IKISHAPIGWA, BARAZA LINA KAZI GANI?

Wapo wananchi wanaoamini kuwa siku matokeo ya kura ya maoni yanapotangazwa ndiyo siku mambo yanapokwisha. Somo la leo linaeleza kwamba siku hiyo ndipo kazi ya Wawakilishi inapoanza. Maelezo haya ni kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba. Yanawahusu pia ndugu zetu wa Bara, hata wale wa Bariadi katika Mkoa wa Simiyu, kwa sababu itakayoelezwa mbele.

1. Wananchi waliulizwa nini?

Tarehe 5 Novemba, 2009, Rais Amani Abeid Karume na Katibu Mkuu wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu, Zanzibar, baada ya miaka mingi ya uhasama wa kisiasa. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi lilikubali hoja ya kuwa na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na baadaye likatunga Sheria ya Kura ya Maoni. Hivyo basi, Baraza lilitangulia kuuliza kabla ya kupewa jibu.

Kura ilipigwa tarehe 31 Julai, 2010. Waliosema "Ndiyo" walikuwa 188,705, sawa na asilimia 66.4 ya kura halali. Waliosema "Hapana" walikuwa 95,613, sawa na asilimia 33.6. "Ndiyo" ilikuwa na nguvu zaidi Pemba kuliko Unguja. Ieleweke kuwa theluthi moja ya wapiga kura si watu wachache, nao pia ni raia wa nchi hii.

2. Kwa nini matokeo hayakutosha peke yake?

Kura ya maoni husema watu wanataka nini. Haisemi nani atateuliwa na nani, kwa utaratibu upi, wala nini kifanyike pakitokea mzozo. Hayo huandikwa katika Katiba, na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 hubadilishwa na Baraza kwa theluthi mbili ya wajumbe wake wote.

Tarehe 9 Agosti, 2010, siku tisa baada ya kura, Baraza lilipitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba. Yaliyomo ni pamoja na haya:

(a) Cheo cha Waziri Kiongozi kilifutwa.
(b) Makamu wa Kwanza wa Rais atoke katika chama kilichoshika nafasi ya pili, kwa masharti yaliyowekwa.
(c) Makamu wa Pili atoke katika chama cha Rais, naye awe kiongozi wa shughuli za Serikali katika Baraza.
(d) Mawaziri wateuliwe kwa uwiano wa viti vya vyama katika Baraza.
(e) Baadhi ya vifungu vikuu visibadilishwe mpaka wananchi waulizwe tena kwa kura ya maoni.

Sharti hili la mwisho lina uzito wa pekee. Kwa sharti hilo Baraza lilijifunga mikono lenyewe, ili lile lililoamuliwa na umma lisije likatenguliwa kimya kimya na wachache.

3. Sheria inafika wapi?

Katika uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba, 2010, Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif asilimia 49.1. Kwa matokeo ya karibu namna hiyo, zamani nchi ingetikisika. Safari hii Maalim Seif aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza.

Hata hivyo, uchaguzi wa 2015 ulifutwa, na ule wa marudio wa Machi 2016 ukasusiwa na CUF. Kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu hadi Disemba 2020. Sheria hufungua mlango, lakini haimshiki mtu mkono ikamwingiza ndani. Baraza linaweza kuandika umoja. Kuutia roho ni kazi ya viongozi na wananchi.

Jirani zetu wa Kenya waliona hatari nyingine, ile ya Bunge kukawia. Katiba waliyoipitisha kwa kura tarehe 4 Agosti, 2010, iliweka jedwali la muda wa kutunga kila sheria inayohitajika, na ikampa raia haki ya kwenda Mahakama Kuu iwapo muda utapita.

4. Bariadi inaingiaje?

Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba liliandika Katiba Inayopendekezwa ya Jamhuri ya Muungano. Mwenyekiti wa Kamati ya Uandishi alikuwa Mheshimiwa Andrew Chenge, Mbunge wa Bariadi Magharibi. Sheria ya Kura ya Maoni ya mwaka 2013 ilitaka zaidi ya nusu ya kura halali za Bara na zaidi ya nusu ya kura halali za Zanzibar, kila upande peke yake. Kura ya mkulima wa pamba wa Bariadi na ya mvuvi wa Wete zingepimwa katika mizani mbili, na upande mmoja usingeweza kuumeza mwingine. Kura hiyo ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili, 2015, ikaahirishwa. Bunge Maalum lilimaliza sehemu yake, lakini pasipo jibu la wananchi hapana cha kutekeleza.

5. Mafunzo

Kwanza, kura ya maoni ni amana. Wawakilishi waliokabidhiwa hawana ruhusa ya kuipunguza wala kuiongezea.

Pili, utekelezaji uwe wa haraka, na uwekwe wazi ili kila mtu aone kilichoandikwa kwa jina lake.

Tatu, sheria inayotokana na "Ndiyo" humlinda pia aliyesema "Hapana". Mtumishi wa Serikali anapofungua dirisha la ofisi yake asubuhi hamwulizi mwananchi alipiga kura gani. Aliyeshinda na aliyeshindwa wote wanasimama katika foleni moja, na wote wana haki ya kuhudumiwa.