Sura Moja na Cheti cha Ubatizo: Namna ya Kupata Faraja Katikati ya Kazi

Ikifika saa kumi na moja alfajiri, simu za Mwanza zinaanza kulia. Picha ya jua linalochomoza, maua mawili pembeni, mstari wa Biblia katikati. Kundi la ukoo limetuma, la kwaya limetuma, la kikoba nalo limetuma, na kufika saa mbili umeshaupokea mstari uleule mara kadhaa wala huukumbuki. Sina ugomvi na wanaotuma. Ila mtu aliyeamka na deni la mafuta ya injini, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, hashibi kwa nusu mstari uliokatwa kutoka katikati ya habari yake. Anataka kitu cha kukaa nacho mpaka jioni.

Mwalimu wangu katika jambo hili ni yule Mkushi wa Matendo ya Mitume sura ya 8, mtunza hazina wa malkia Kandake. Tazama alivyofanya. Yuko safarini, amekaa garini, anamsoma Isaya, tena kwa sauti, maana Filipo alimsikia kutoka nje. Hakielewi anachokisoma, na anasema wazi kwamba haelewi. Anampandisha Filipo garini wakae pamoja. Wanafika penye maji, anabatizwa, kisha anaendelea na safari yake kwa furaha. Luka hasemi popote kwamba aliacha kazi ya hazina. Kila ninachoshauri hapa chini kimetoka kwa huyo bwana: soma ukiwa kwenye shughuli zako, soma kwa sauti, soma na mtu, na ujue maji yako yalikuwa wapi.

Tuanze na saa. Wengi wetu tunashindwa kwa sababu tumeazima ratiba ya mtu mwingine. Kuna zile ratiba za kuimaliza Biblia kwa siku 365. Zinaanza Januari kwa kishindo, na kabla Februari haijaisha maiti zimelala ndani ya Mambo ya Walawi. Mkazi wa pwani ya ziwa ana ratiba yake tayari. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, kwa sababu dagaa hufuata taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na makambi ya visiwani yanakuwa na watu wasio na la kufanya isipokuwa kushona nyavu na kucheza bao. Hizo ndizo siku za kusoma kitabu kizima kwa mkao mmoja: Ruthu ina sura nne, Yona nne, Wafilipi nne. Giza likirudi na kazi ikirudi, punguza. Mistari kumi kabla ya kusukuma mtumbwi inatosha, mradi iwe sehemu ya habari moja unayoifuata wiki nzima.

Asiyekwenda ziwani naye ana saa yake. Dereva wa bodaboda ana zile dakika za kusubiri abiria kijiweni. Muuguzi ana zamu ya usiku. Mama ninayemfahamu pale soko la Mwaloni, Kirumba, huuza dagaa wa jumla, na hana muda wa kufungua Biblia kuanzia alfajiri hadi magunia yatakapopakiwa. Basi anatumia daftari lake la madeni. Kila asubuhi, juu ya ukurasa, kabla ya majina ya wanaodaiwa, anaandika sura aliyoisoma jana usiku na neno moja tu lililombakia. Siku nzima akilifungua daftari kumwandika mtu, neno lile liko pale juu. Aliniambia kwamba limempunguzia ukali wa kudai. Nimejaribu njia hiyo kwa daftari la matumizi ya nyumbani na ninaipendekeza kuliko programu yoyote ya simu.

Usione haya kwamba kipande ni kidogo. Alexander Mackay, mmisionari fundi wa shirika la Kianglikana la CMS, aliyefariki Februari 1890 pale Usambiro, kusini mwa ziwa, alikuwa na mtambo wake wa kuchapa, akitoa sehemu za Injili kwa Kiganda kwa ajili ya waumini wa Uganda, ng'ambo ya ziwa. Wengi wa Wakristo wa kwanza wa ziwa hili hawakuwahi kushika Biblia nzima. Walikuwa na karatasi, wakazisoma mpaka zikachakaa, na baadhi yao waliuawa kwa imani waliyoipata humo.

Sasa, usome nini? Hapa ndipo nina maoni makali kidogo. Acha kufungua Biblia kwa kubahatisha na kuweka kidole. Siku moja kidole kitatua kwenye laana ya nabii, nawe utakwenda sokoni ukiwa na hofu. Chagua kwa hali uliyonayo.

Ukitoka kwenye usiku uliokosa samaki, au mwezi uliokosa wateja, soma Yohana 21 yote. Wanafunzi wamekesha bila kupata kitu. Kumepambazuka, mtu anawaita kutoka ufukweni. Wengi husimulia ile hesabu ya samaki 153 na kuishia hapo, lakini mimi hupenda kilichokuwa ufukweni kabla samaki hawajapandishwa: moto wa makaa ulikwisha washwa, samaki juu yake, na mkate. Kifungua kinywa kilikuwa tayari kabla ya matokeo ya kazi yao. Kisome hicho ukiwa umechoka, taratibu, na usikigeuze kuwa ahadi kwamba kesho utajaza mtumbwi. Yohana hakuandika hivyo.

Ukipanda kivuko kwenda Nansio au boti kwenda kisiwa kingine, Marko 4:35 hadi mwisho wa sura inasomeka kabla injini haijawashwa. Bwana amelala na kichwa kwenye mto, wenzake wanapiga kelele. Kisha vaa jaketi okozi. Wako watu wanaodhani kuvaa jaketi ni kupungukiwa imani, na ningependa wangesikia jambo hili likisemwa mimbarani.

Na ukiwa na msiba, achana kabisa na mistari ya kuchangamsha. Mwanza ni mji unaojua msiba wa maji. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia bandari, ikachukua uhai wa mamia ya watu, na wengi wao wamelala kwenye makaburi ya Igoma. MV Nyerere ikapinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia gati la kisiwa cha Ukara. Ukimpelekea mfiwa wa misiba ya namna hii mstari wa ushindi unamwongezea uchungu. Biblia ina Zaburi 130, inayoanzia vilindini, na ina Zaburi 88, ambayo ni kilio kuanzia juu hadi chini na inaishia gizani bila kupambwa. Wachungaji wengi wanaikwepa hiyo ya 88. Mimi naiona ni rehema kwamba imo, maana mtu asiyeweza kusema asante leo anapata maneno ya kumwambia Mungu, tena maneno yaliyokubaliwa kuingia kitabuni. Isome naye kwa sauti ya chini, ukae, unywe chai yake, uondoke. Mahubiri yatasubiri.

Zaburi zikizoeleka mno kwa Kiswahili, jaribu lugha ya mama. Kisukuma kina Biblia nzima tangu 1960. Mzee wa miaka 70 aliyezoea kuitikia tu kanisani huinua kichwa akisikia Zaburi ya 23 kwa lugha ya kuchungia ng'ombe, na mjukuu anayemsomea kwa kukwamakwama anafaidika kuliko yeye. Wanaotaka kuona jinsi Ukristo na Usukuma vilivyokaa meza moja waende Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma, wakaone kanisa la mviringo alilolijenga Padri David Clement kwa kufuata nyumba ya mtemi.

Kusoma na mtu nako kuna adabu yake. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki na vikundi vya nyumbani vya makanisa mengine vinaharibika kwa ugonjwa mmoja: mtu mmoja kuhubiri saa nzima. Mkiwa watano, mmoja asome, mnyamaze kidogo, mwingine arudie kusoma, kisha kila mtu aseme neno lililomgusa bila maelezo marefu. Asiyeelewa aseme haelewi, kama Mkushi. Muda uliobaki uwe wa shida za watu: nani anaumwa, nani hajalipa kodi ya chumba.

Twende kwenye ubatizo, ambao kwa wengi wetu ni karatasi tu. Cheti cha ubatizo kimo ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro, pamoja na namba ya NIDA na matokeo ya darasa la saba, na hutolewa siku ya kufuatilia cheti cha kuzaliwa RITA au siku ya kuandikisha ndoa. Kitoe leo bila shida yoyote. Soma tarehe, mahali, jina la aliyekubatiza, jina la msimamizi. Kama kimepotea, nenda parokiani au usharika ulikobatizwa uombe waangalie daftari. Parokia za Kikatoliki huandika humo hata kipaimara na ndoa yako. Ukijua mwaka, hata kwa kukadiria, jina lako halitatafutwa siku nzima. Ukishaipata tarehe, iandike kwenye kalenda ya ukutani. Siku hiyo ikifika, mpigie msimamizi wako.

"Shikamoo mama. Leo ni siku uliyonisimamia."

"Marahaba mwanangu. Ehe, ulilia wewe siku ile!"

Mazungumzo ya namna hiyo yanatia nguvu kwa wiki nzima, na kama msimamizi alishatangulia, mpigie yeyote aliyekuwepo.

Siku nyingine zote, tumia maji unayoyagusa. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya 1529, aliufundisha ubatizo kuwa jambo la kila siku, mtu wa kale kuzamishwa kila siku kwa toba na mtu mpya kuinuka. Mkatoliki anapochovya kidole kwenye maji ya baraka mlangoni anakumbushwa jambo hilohilo. Asiye na mazoea hayo ana beseni la kunawia uso. Nawa, na useme kwa maneno yako kwamba wewe ni mtu aliyekwisha batizwa. Usiku unapokumbushwa uliyoyafanya ukiwa na miaka 20, soma Warumi 6, mistari 11 ya kwanza. Paulo anawaeleza waliobatizwa kwamba walizikwa pamoja na Kristo, na mtu aliyezikwa hafuatwi na wadai. Sikiliza vizuri: ni wadai wa dhambi. Wale wa Mwaloni watakufuata, uwalipe.

Najua wapo wasomaji ambao bado hawajabatizwa, au wako darasa la ubatizo katika makanisa ya maji mengi, kama AIC, Wasabato na Wapentekoste. Kwao nina ushauri ambao hausikiki sana madarasani. Ziwa letu lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia, penye matete na magugu, hupenya ngozi kwa dakika chache, na huwa vingi jua linapokuwa juu. Kanisa likiweza, libatize kwenye birika. Birika likijazwa maji ya bomba ni vizuri. Likijazwa maji ya ziwa, yachujwe konokono na yakae siku mbili kamili kabla ya ibada, maana vijidudu visipopata mtu hufa ndani ya muda huo. Mkilazimika kwenda ziwani, nendeni mapema asubuhi, mahali pa wazi penye mawe na mawimbi, mbali na matete, na muulize wenyeji kuhusu mamba na viboko. Hatari inapungua, haiishi. Mchungaji awe na wasaidizi wawili wanaojua kuogelea, na wanaobatizwa wavae nguo nzito isiyoonyesha mwili ikilowa, na khanga kavu iwe mikononi mwa mtu aliye nchi kavu. Kufuta ngozi haraka kwa taulo hakutoshi kama kinga.

Baada ya miezi miwili hivi, wote walioingia majini, mchungaji na wasaidizi wake wakiwemo, wapeleke choo na mkojo kupimwa kwenye zahanati. Kupima wiki inayofuata hakusaidii kwa sababu mayai hayajaanza kuonekana, na dawa yenyewe, praziquantel, haiwaui vizuri minyoo wachanga. Mwalimu wa darasa la ubatizo aiandike tarehe ya kupima ubaoni siku ileile anapoandika tarehe ya ubatizo, na awakumbushe kwa majina.