Mama Mja Mzito na Usiku wa Kafyu

Uchungu wa uzazi hauna saa, wala haungoji ruhusa ya askari. Jambo hili walilijua vema wakaao Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Bahati, mashariki mwa mji wa Nairobi.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Wanaume maelfu kwa maelfu walikamatwa wakapelekwa kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani. Basi katika nyumba nyingi mke alibaki bila mtu wa kumshika mkono usiku. Hospitali ya kuzalia ya Pumwani haikuwa mbali. Ilikuwapo tangu mwaka 1926, ikaitwa kwanza kwa jina la Lady Grigg, mke wa Gavana. Lakini hata maili moja ni safari ndefu kwa mwenye uchungu, ikiwa njia imefungwa.

Shida kama hiyo ilirudi mwaka 2020, kafyu ilipowekwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Daktari Jemimah Kariuki wa Nairobi, alipoona wajawazito wakikosa gari usiku, alianzisha mpango wa Wheels for Life wa kuwasafirisha bure.

Kwa hiyo, msomaji, yafaa kujiandaa mapema.

Kwanza, mama aanze kwenda kliniki kabla ya kutimia wiki 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri aonwe si chini ya mara 8. Huko hupimwa damu na mkojo, na mkunga hutambua aliye katika hatari.

Pili, zijulikane dalili mbaya: kutokwa damu, kuumwa sana kichwa na kuona kiwi, kuvimba uso, degedege, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Mwenye dalili hizo asingoje uchungu. Aende hospitali mara moja.

Tatu, nauli, kadi ya kliniki na nguo safi ziwekwe katika mfuko mmoja. Mpatane mapema na mwenye gari, na mtu wa kumsindikiza.

Damu nyingi ikimtoka mama baada ya kuzaa, yaweza kumwua kwa muda wa saa mbili. Saa hizo si za kutafuta gari. Kina baba na majirani, kazi hii ni yenu pia.