Kinanda Kipya Kikifika Kibovu, Usinyamaze

 

Leo nina swali la kijana anayepigia kwaya kinanda pale Nyalenda, Kisumu. Kwaya ilichanga kwa miezi, ikanunua sinthesaiza mpya kutoka duka moja la Nairobi, ikalipa kwa M-Pesa, mzigo ukaja kwa basi. Walipokiwasha, vibonyezo vitatu vya katikati vilikuwa bubu, na cha nne kilipayuka kwa sauti ya juu hata kilipoguswa kwa ncha ya kidole. Kijana akapiga simu dukani. Akajibiwa: "Soma risiti yako. Mali ikishauzwa hairudishwi." Sasa ananiuliza kama amwite fundi wa Kondele akifungue, yaishe kabla ya Jumapili.

Mdogo wangu, usikifungue. Na maneno ya kwenye risiti yasikutishe. Duka linaweza kukataa kurudisha kitu kizima ambacho umebadilisha nia tu, labda umechoshwa na rangi yake. Kitu kibovu ni habari nyingine, na sheria ya Kenya iko upande wako, ila inakutaka useme mapema.

Kwanza tuhakikishe ni ubovu kweli, maana duka litauliza na wewe uwe na jibu. Kama vibonyezo vyote ni bubu lakini wimbo wa maonyesho uliomo ndani unasikika, huenda kinanda ni kizima. Kuna mpangilio uitwao Local Control. Ukizimwa, vibonyezo havizungumzi na sauti za ndani, na mtu ataapa kimekufa. Kama upande wa kushoto tu ndio hauimbi kama kawaida, angalia kama midundo ya kusindikiza imewashwa, kwa kuwa hapo mkono wa kushoto huwa unachagua kodi za muziki (chords). Kama noti zinaburuzika bila kukoma, zima kinanda, chomeka pedali ya kuvuta sauti, kisha uwashe bila kuikanyaga. Halafu rudisha mipangilio ya kiwandani. Kwenye Yamaha nyingi za PSR-E, unashikilia kibonyezo cheupe cha mwisho kulia huku ukiwasha. Aina nyingine zina njia zake, na kitabu cha maelezo kinaeleza.

Kagua adapta pia. Plagi inaweza kuingia vizuri kwenye tundu na bado volti zisilingane, au chanya na hasi zikawa zimegeuzwa. Linganisha maandishi ya adapta na yale yaliyo mgongoni mwa kinanda. Na kama mlikichomeka kwenye jenereta ya matanga ikaruka na kukichoma, msiende kudai ni ubovu wa kiwandani. Anayedai haki aje na mikono safi.

Kwa kinanda cha Nyalenda, dalili zinasema wazi. Chini ya kila kibonyezo cha kinanda kinachopima nguvu ya mkono kuna miguso miwili, na mashine hupima muda kati ya wa kwanza na wa pili ili ijue umepiga polepole au kwa nguvu. Mguso mmoja ukishindwa, kipimo kinapotea, na kibonyezo kinanyamaza au kinapayuka. Vibonyezo vichache vikiwa hivyo na vingine vyote ni vizima, tatizo liko kwenye chombo chenyewe, na mipangilio haitakitibu.

Ndiyo, fundi mzuri anaweza kusafisha miguso hiyo. Lakini akishakifungua, duka litasema yeye ndiye aliyekiharibu, na waranti nyingi huishia hapo hapo. Tena kisheria, ukikishughulikia kitu kama chako kabisa, unahesabika umekikubali jinsi kilivyo. Kwa hiyo msikipeleke kanisani Jumapili hii, wala kwenye matanga ya Bondo wikendi. Kaeni nacho kwenye boksi lake, pamoja na vile vipande vyeupe vya kukilinda, adapta na kitabu.

Sasa chukua simu urekodi video moja isiyokatwa. Anza na nambari iliyobandikwa mgongoni mwa kinanda, onyesha adapta, washa, rudisha mipangilio ya kiwandani, kisha piga kibonyezo kimoja kimoja kutoka chini hadi juu, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa nguvu. Ukifika kwenye vile vibovu, rudia. Piga picha ya boksi na ya risiti, na utunze ujumbe wa M-Pesa wenye msimbo wa muamala. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kisha andika. Simu uliyopiga haitoshi, kwa kuwa kesho atakayeipokea atasema hakukusikia. Tuma kwa WhatsApp na kwa baruapepe, kwa adabu, maneno kama haya:

"Habari. Tarehe fulani tulinunua kwenu kinanda kipya cha aina hii, nambari yake hii, tukalipa kwa M-Pesa, msimbo huu. Kilitufikia Kisumu tarehe fulani. Tulipokijaribu siku hiyo tulikuta vibonyezo vitatu havitoi sauti na kimoja hakipimi mguso. Video tumeambatisha. Kwa ubovu huo tunakikataa, na tunaomba mturudishie pesa au mtuletee kingine kizima ndani ya siku saba. Hakijafunguliwa, kipo kwenye boksi lake. Tuambieni mtakichukua vipi."

Neno "tunakikataa" msiliogope. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba mtu anayenunua bidhaa kwa maelezo kutoka kwa muuzaji wa bidhaa za aina hiyo anatarajia bidhaa yenye ubora wa kuuzika. Kinanda kipya chenye vibonyezo bubu hakina ubora huo. Sheria hiyo inakupa nafasi ya kukikagua kabla hujahesabika umekipokea rasmi, kwa hiyo kutia sahihi kwenye daftari la ofisi ya vifurushi hakukufungi. Lakini ukikaa nacho kupita muda wa kiasi bila kusema lolote, unahesabika umekikubali. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na ukishakikataa kwa haki, si lazima wewe ukipandishe basi kwenda Nairobi kwa nauli yako. Kuwajulisha kunatosha, nao waje wakichukue au walipe usafiri.

Je, yale maneno ya kwenye risiti? Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inasema sharti lolote la mkataba linalojaribu kufuta dhamana hiyo ya ubora ni batili. Na Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Huombi msaada hapo. Unadai kilicho chako.

Duka likisema "tutatengeneza", amueni kwa utulivu. Kama mnakubali matengenezo, wekeni kwa maandishi tarehe ya kurudishiwa, na kwamba kikirudi na ubovu mtapewa pesa. Msikubali kuambiwa "kiacheni hapa, tutawapigia". Wala msijaribu kurudisha malipo kupitia Safaricom mkidai mlikosea namba. Huduma ile ni ya pesa zilizotumwa kimakosa, na hamkukosea.

Siku zikipita kimya kimya, hatua zipo mbili. Ya kwanza ni kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2010 hushughulikia pia malalamiko ya watumiaji. Ya pili ni Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mauzo ya bidhaa yakiwemo, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Wakili si lazima, na unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Mara nyingi, mfanyabiashara akiona una video, tarehe na barua iliyotaja mahakama hiyo, simu yake inaanza kupatikana.

Na ninyi ambao bado mnachanga, sikieni. Hakuna anayenunua samaki aina ya ngege pale Dunga bila kumfunua mashavu aone kama ni mekundu. Kinanda nacho kikaguliwe hivyo. Ukinunua dukani mjini, omba kiwashwe hapo hapo. Piga kila kibonyezo, jaribu matundu ya sauti ya kushoto na kulia, hedifoni, pedali na gurudumu la kupindisha sauti. Hifadhi mpangilio, zima, washa, uone kama umebaki. Msifanye haraka, kwa sababu ile Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema ukikagua mwenyewe, kasoro ambayo ukaguzi huo ungeionyesha huwezi kuilalamikia baadaye.

Ukiagiza kutoka mbali, uliza kabla ya kulipa, kwa maandishi: waranti ni ya muda gani, nani anatengeneza hapa Kenya, na kikija kibovu nauli ni ya nani. Muuzaji anayekwepa maswali hayo leo atakukwepa pia kesho. Kwa wanaonunua vilivyotumika kutoka ng'ambo, tazameni volti. Kinanda kilichotengenezewa umeme wa Japani wa volti 100 kikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 240 za kwetu kitaungua, na kwa hilo huwezi kumlaumu mtu.

Nimeongea kwa urefu kwa sababu najua kinanda ni nini huku kwetu. Ndicho kinachobeba kwaya Jumapili, kimekaa kando ya ngoma kwenye muziki wa ohangla wa leo, na vijana wengi kutoka Kisumu hadi Mbita wanalipia karo na kodi ya nyumba kwa vidole vyao. Inaniuma nikiona kijana anabaki na chombo kibovu kwa sababu ameona aibu kurudi dukani. Aibu si yako. Ni ya aliyekuuzia ubovu kwa bei ya uzima.

Kijana wa Nyalenda, leo jioni mwite mweka hazina na mwenyekiti wa kwaya, waonyeshe video, kisha mtume ujumbe kwa jina la kwaya nzima. Jumapili imbeni kwa ngoma na kayamba.