Kinga ya Kuanguka kwa Wazee: Kwa Nini Kumkalisha Mzee Hakumlindi

Utangulizi

Katika kaya nyingi, mzee anapoanguka kwa mara ya kwanza, familia huafikiana jambo moja: tangu siku hiyo bibi asitoke nje peke yake, asichote maji, asifagie uwanja, akae, aletewe kila kitu hapo alipo. Uamuzi huo hutokana na upendo, na hakuna awezaye kumlaumu mjukuu anayesema, "Bibi, kaa, usije ukaanguka tena." Hata hivyo, tafiti za utengamao za zaidi ya miaka 30 zinaonyesha kwamba mzee anayekalishwa huongezewa hatari ileile ambayo familia ilikusudia kumwepusha nayo.

Jambo hili ni zito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufariki dunia kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengine milioni 37.3 huanguka kiasi cha kuhitaji matibabu. Walio hatarini zaidi kufa ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Kwa anayenusurika, kuvunjika nyonga kunaweza kumfanya mtu aliyekuwa akijitegemea awe wa kulishwa na kugeuzwa kitandani.

Somo hili linaeleza namna mwili unavyojishikilia wima, sababu za kuanguka, yaliyothibitishwa na utafiti, na hatua ambazo mhudumu wa afya, mgonjwa na familia wanaweza kuzichukua.

Mwili unavyojishikilia wima

Kusimama huonekana kuwa jambo jepesi kwa sababu ubongo hulifanya bila kumshirikisha mwenye mwili. Ili mtu asiyumbe, ubongo hupokea taarifa kutoka sehemu tatu: macho, ambayo huonyesha mwelekeo wa vitu; sikio la ndani, ambalo hutambua mwendo na mkao wa kichwa; na neva za nyayo, misuli na viungo, ambazo hueleza mguu umekanyaga wapi. Ubongo huzilinganisha taarifa hizo, kisha huamuru misuli ya vifundo, mapaja na nyonga isahihishe mkao kabla mwili haujaenda mrama.

Sehemu moja ikidhoofika, nyingine mbili huifidia. Ndiyo maana mtu mwenye ganzi ya nyayo itokanayo na kisukari huweza kutembea vizuri mchana, akaanguka usiku taa inapozimika: giza limemnyang'anya macho aliyokuwa akiyategemea. Mwenye kiharusi huweza kuona vema na kuhisi vema, lakini misuli ya upande mmoja ikachelewa kuitikia amri. Kwa hiyo kila anguko lina chanzo chake, na kazi ya kwanza ya mhudumu ni kukitafuta. Kusema "ni uzee tu" ni kufunga jalada kabla ya kulisoma.

Sababu hujumlishana

Mwaka 1988, Mary Tinetti na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliowafuatilia kwa mwaka mmoja watu 336 wenye umri wa miaka 75 au zaidi waliokuwa wakiishi majumbani mwao. Takribani theluthi moja, yaani asilimia 32, walianguka angalau mara moja. Fundisho kubwa zaidi lilihusu mjumuiko wa sababu. Kwa asiyekuwa na sababu yoyote ya hatari, uwezekano wa kuanguka ulikuwa asilimia 8. Kwa aliyekuwa na sababu nne au zaidi, ulifika asilimia 78. Miongoni mwa sababu hizo zilikuwamo matumizi ya dawa za kutuliza akili na usingizi, kupungua kwa uwezo wa kufikiri, udhaifu wa miguu, matatizo ya nyayo, na kasoro za mwendo na mizani ya mwili.

Matokeo hayo yana habari njema ndani yake. Ikiwa hatari hupanda kwa kujumlishwa, basi hushuka kwa kupunguzwa. Mwaka 1994 kundi hilohilo la watafiti lilichapisha jaribio lililowahusisha watu 301 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Waliorekebishiwa sababu zao moja baada ya nyingine, kwa kupitiwa dawa, kufundishwa mazoezi na kuelekezwa mienendo salama, walioanguka katika mwaka mmoja walikuwa asilimia 35. Katika kundi la ulinganisho walikuwa asilimia 47. Hakuna umri uliorudishwa nyuma. Yalipunguzwa tu yale yaliyowezekana kupunguzwa.

Hasara ya kukaa

Misuli isiyotumika hunywea upesi, na kwa mzee hunywea upesi zaidi. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walieleza matokeo ya kuwalaza kitandani kwa siku 10 wazee wachache waliokuwa na afya njema. Katika muda huo mfupi, kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo moja ya nyama ya miguu, na nguvu ya kunyoosha goti ikapungua kwa zaidi ya asilimia 10. Hao hawakuwa wagonjwa. Mtu anaweza kupima mwenyewe hasara ya mgonjwa aliyelazwa kwa homa ya mapafu, kisha akarudishwa nyumbani na kuambiwa apumzike mwezi mzima.

Kwa namna hiyo mduara hujifunga. Mzee huanguka, huogopa, hupunguza kutembea, miguu hudhoofika, mizani huharibika, huanguka tena, na safari hii kwa urahisi zaidi. Hofu yenyewe hubadilisha mwendo: hatua huwa fupi, mwili hukakamaa, macho hubaki yakitazama chini. Familia inayomwambia "kaa" huusukuma mduara huo pasipo kujua.

Yaliyothibitishwa kuhusu mazoezi

Katika Chuo Kikuu cha Otago, nchini New Zealand, John Campbell, Clare Robertson na wenzao waliandaa programu ya mazoezi ya kufanyiwa nyumbani. Katika jaribio lao lililochapishwa mwaka 1997, wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 au zaidi waligawanywa kwa nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilitembelewa mara chache na mtaalamu wa fiziotherapia, likafundishwa mazoezi ya nguvu na mizani kulingana na hali ya kila mmoja, kisha likaendelea lenyewe. Baada ya mwaka mmoja, kundi la mazoezi lilikuwa limeanguka mara 88, na kundi la ulinganisho mara 152. Washiriki walikuwa wamevuka miaka 80, umri ambao wengi hudhani hauna tena faida ya mazoezi.

Mwaka 2019, mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 108 yenye washiriki 23,407 kutoka nchi 25. Hitimisho lilikuwa kwamba mazoezi hupunguza idadi ya maanguko kwa takribani asilimia 23, na yanayofaa zaidi ni yale yanayoitikisa mizani ya mwili pamoja na kuimarisha misuli. Kutembea peke yake hakutoshi kama kinga, ingawa kuna manufaa mengine mengi. Sehemu kubwa ya majaribio hayo ilifanyika katika nchi tajiri. Hivyo mhudumu wa Afrika Mashariki hana budi kuyatafsiri kwa mazingira ya mgonjwa wake: choo cha kuchuchumaa, mkeka wa kuswalia, kigoda cha jikoni na njia ya udongo yenye utelezi wakati wa masika.

Vipimo rahisi vya kituoni

Vipimo vitatu vifuatavyo havihitaji umeme wala mashine. Mhudumu asimame karibu na mgonjwa wakati wote, tayari kumdaka.

1. Kuinuka na kwenda. Mgonjwa aketi kwenye kiti, ainuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini. Mhudumu atazame pia namna anavyogeuka na kama anashikilia ukuta.

2. Kusimama kwa hatua nne. Mgonjwa asimame akiwa amebananisha miguu. Kisha mguu mmoja ukiwa mbele kidogo ya mwingine. Kisha kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Mwisho kwa mguu mmoja. Kila mkao uchukue sekunde 10. Asiyeweza mkao wa tatu kwa sekunde 10 anahitaji msaada.

3. Shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama. Apimwe baada ya kulala dakika 5, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, chanzo cha kizunguzungu huenda kimepatikana.

Kabla ya vipimo hivyo, swali moja lisisahaulike: "Je, umeanguka katika mwaka uliopita?" Wazee wengi hawasemi wasipoulizwa, ama kwa aibu, ama kwa kuogopa kuzuiwa kutoka nyumbani.

Dawa na macho

Kila mzee aliyeanguka aje kituoni na dawa zake zote, zikiwamo alizonunua dukani na za miti shamba. Diazepamu, amitriptilini, dawa za kukojosha na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huweza kuleta usingizi, kizunguzungu au kushuka kwa shinikizo mtu anaposimama. Katika jaribio lingine la New Zealand, lililochapishwa mwaka 1999, kuwaachisha wazee dawa za usingizi na za kutuliza akili polepole kulipunguza maanguko kwa takribani theluthi mbili. Hata hivyo, karibu nusu ya walioziacha walizirudia ndani ya mwezi mmoja baada ya jaribio kwisha. Yatokanayo na hayo ni mawili: dawa hizo zisianzishwe ovyo, na mgonjwa asiache dawa yoyote ghafla bila ushauri wa daktari.

Macho nayo yachunguzwe. Utafiti wa Nottingham, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 70 waliofanyiwa mapema upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye jicho la kwanza walipunguza maanguko kwa asilimia 34, wakilinganishwa na waliokuwa wakisubiri.

Mazoezi ya nyumbani

Mazoezi yafanywe mara 3 kwa wiki, kwa muda wa takribani dakika 30, karibu na ukuta, meza nzito au dirisha lenye nondo.

Kwanza, kuinuka kutoka kwenye kiti na kuketi polepole, mara 10. Mikono isaidie mwanzoni, kisha iachwe. Pili, kusimama kwa vidole na kushuka, halafu kusimama kwa visigino, mara 10. Tatu, kuinua mguu kwenda pembeni na kukunja goti kwenda nyuma. Miguu ikizoea, mfuko wa kitambaa wenye nusu kilo ya mchanga ufungwe kwenye kifundo. Nne, kutembea kisigino kwa vidole kandokando ya ukuta, na kutembea kwa ubavu. Tano, kusimama kwa mguu mmoja huku kidole kimoja tu kikigusa meza.

Zoezi lisilomyumbisha mtu hata kidogo haliifundishi mizani yake; linalomtia hofu ya kweli limezidi kiwango. Mwenye maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kizunguzungu asimame hapo na aende kituoni. Mwenye kiharusi, ugonjwa wa Parkinson au aliyevunjika mfupa hivi karibuni aanze chini ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Nyumba na familia

Familia ibadilishe ulinzi wake: badala ya kumzuia mzee asitembee, iisafishe njia yake. Mkeka uliokunjika kingo uondolewe njiani. Kandambili zilizolika zibadilishwe kwa viatu vyenye kamba ya kisigino. Kanga au msuli ufungwe juu ya vifundo vya miguu. Chooni uwekwe mti imara wa kushikia, na sakafu ikaushwe baada ya kuoga. Tochi iwe mahali pamoja, karibu na kitanda, ili asipapase gizani. Mkongojo ukatwe kwa kipimo: mwenye nao akisimama wima na mikono ikining'inia, mshikio ufike kwenye kiwiko cha mkono, yaani pale mkono unapoungana na kiganja.

Mzee akianguka, asiinuliwe kwa haraka kwa kuvutwa mikono. Aulizwe panapouma. Mguu ukionekana mfupi na kupinda nje, au akishindwa kuukanyagia, asisimamishwe. Apelekwe hospitali akiwa amelazwa. Vivyo hivyo aliyejigonga kichwa, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Asiye na jeraha ageuke ubavu, apige magoti kwa kutegemea mikono, asogee hadi kwenye kiti kizito, atangulize mguu wenye nguvu, ndipo ainuke. Mbinu hii ifundishwe kabla ya anguko, maana anayejua kuinuka huogopa kidogo.

Hitimisho

Mhudumu anapomruhusu mzee aliyeanguka kurudi nyumbani, maagizo yake yasiishie kwenye dawa ya maumivu. Yataje sababu iliyopatikana, zoezi la kuanza nalo, na siku ya kurudi kupimwa tena. Na yasemwe mbele ya yule atakayekuwa naye nyumbani. Naye mjukuu ana kazi nzuri kuliko kumkalisha bibi: ampe bega, asimame kando yake ukutani, ahesabu naye hadi kumi.