Sare ya Zita

Swali: Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu hapa Karatu. Tunasoma Watoto wa Mama N'tilie, lakini wanafunzi wanakariri dhamira tu. Nikiwapa kazi ya kubuni mavazi ya wahusika, itawasaidia au tutapoteza vipindi?

Jibu: Itawasaidia sana, mwalimu wangu, na riwaya uliyonayo inafaa kuliko nyingi. Mwandishi wake, Emmanuel Mbogo, anaonyesha Zita na Peter, watoto wa Mama N'tilie, wakifukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Anzia hapo. Kila kikundi kibuni sare ambayo Zita hakuipata, kisha vazi la siku anazookota jalalani. Kila kiraka, kishikizo na rangi kitolewe sababu kwa kutaja tukio na ukurasa. Kiraka kisicho na ukurasa kifumuliwe. Sharti hili usililegeze hata kidogo, maana bila hilo mtabaki na mapambo matupu.

Vifaa msinunue. Magunia ya kahawa, mitumba ya mnadani na vipande vya fundi cherehani vinatosha. Tena mnayo hazina ya kwenu: sketi za ngozi zenye shanga za wanawake wa Kiiraqw, na shanga za Wamaasai wa Ngorongoro. Mwalikeni bibi mmoja aeleze vazi lake linasema nini kuhusu anayelivaa, kabla mtoto yeyote hajashika mkasi. Ila msimvike Zita shuka la Kimaasai kwa kuwa linapendeza. Yeye ni mtoto wa Dar es Salaam.

Katika kusahihisha, maelezo ya maandishi yapate theluthi mbili ya alama, ili asiyejua sindano asionewe.